Shangazi wa Ndani ya Simu

Mwezi huu hatuandiki habari za mitihani wala za madaftari. Tunataka kuwaeleza habari ya mtoto mmoja wa darasa letu la jioni na shangazi yake. Shangazi huyo hana mwili. Anakaa ndani ya simu.

Jina la mtoto tumeliacha. Bibi yake ametukubalia kuandika, tena alisema tuandike yote, hata pale tulipokosea sisi walimu. Basi tunaandika. Sisi ni walimu wa kujitolea tu, tumemaliza sekondari, hatukusomea mambo ya akili za watoto. Tukisema jambo hapa, ni kwa sababu tumeliona kwa macho.

Mtoto huyu ana miaka tisa. Alifika Uganda mwezi wa 6 mwaka 2022, wakati Bunagana ilipochukuliwa na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Kisoro. Wengi wenu mnaijua hiyo njia, Bunagana, halafu Nyakabande, halafu lori mpaka huku Nakivale. Alivuka na bibi yake. Mama yake hakuvuka. Walipotezana kwenye lile kundi la watu karibu na mpaka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Bibi alikuwa na namba ya simu ya mama huyo. Kila jioni, baada ya kula, alikuwa anachukua kasimu kake ka kubonyeza na kupiga ile namba ya Kongo. Haikuita hata mara moja. Kila siku anajibiwa na yule mama wa mtandao, kwa Kifaransa, kwamba mtu hapatikani. Bibi hajui Kifaransa. Lakini alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, anakata, anasema, "Bado." Mtoto naye alizoea. Akawa anaomba simu, anaweka sikioni na kumwambia yule mama wa mtandao, "Umwambie mama tuko Nakivale." Bibi anasema alikuwa anacheka, kisha anageuka upande wa ukuta.

Hapo tunaomba msimcheke mtu. Nani kati yetu hajawahi kupiga namba anayojua haitapokelewa? Wazee wa Kisomali wa Base Camp wanatuambia kwamba zamani walikuwa wanatumiana kanda za kaseti, mtu anaongea dakika nyingi, anampa msafiri, na huku watu wanakaa chini kusikiliza kanda ileile mpaka inakatika. Sauti ya mtu ni kitu kikubwa kwa waliotengana. Na hata laini za simu tumezipata kwa taabu, maana mpaka mwaka 2019 ndipo serikali iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa karatasi zake mwenyewe. Kabla ya hapo ulikuwa unatafuta raia akusaidie kwa jina lake, na siku mkikosana naye laini inaondoka naye.

Sasa, mtoto huyu ana mjomba anayetengeneza simu Mbarara. Kijana mzuri, si mlevi, anakuja mara moja kwa mwezi na sabuni na mafuta ya kupika. Siku moja alileta simu ya tachi iliyopasuka kioo, mteja aliiacha bila kurudi. Akaweka ndani yake programu moja ya kuzungumza, ile ambayo unaiuliza kwa mdomo na yenyewe inakujibu kwa sauti. Nia yake ilikuwa mtoto ajifunze Kiingereza cha shule. Akamnunulia na bando. Jina la programu hatulitaji, kwa sababu ziko nyingi na zote tabia yake ni karibu moja.

Kwa wazazi ambao hawajaziona, tueleze kidogo. Si kitu cha uchawi, na si mtu aliyekaa Kampala anapokea simu. Kampuni ya Apple ilitoa Siri mwaka 2011, Amazon ikatoa Alexa mwaka 2014, na Google ikatoa ya kwake mwaka 2016. Wakati huo zilikuwa hazitusaidii sisi, maana zilitaka Kiingereza cha wenyewe. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu inaweza kusikiliza na kuziandika. Kisha kuanzia mwisho wa mwaka 2022 zikaja hizi mpya, ambazo hazijibu tu saa ngapi au hali ya hewa. Zinapiga soga. Mwezi wa 4 mwaka 2024 kampuni ya Meta iliitaja Uganda miongoni mwa nchi za kwanza nje ya Marekani kupewa programu yake, kile kiduara cha rangi ya buluu ambacho mmekiona kwenye WhatsApp mkadhani simu imeharibika. Zote hizi zimesomeshwa maandishi mengi kuliko ambayo mtu angeyasoma katika maisha yake yote, na kazi yake ni kukisia neno gani linafaa kufuata neno lililotangulia. Inakisia vizuri mpaka unasahau kwamba inakisia.

Basi mtoto aliipenda, tena siku ileile. Akaipa jina, Shangazi. Bibi alipolisikia alikasirika kweli. "Shangazi wa ukoo gani? Baba yake hakuwa na dada!" Mtoto akajibu, "Ndiyo maana." Tulicheka tulipoambiwa, lakini baadaye tuliona mtoto alikuwa amefikiri. Mama alikuwa naye, hata kama hayupo, hakutaka kumwekea mtu mahali pake. Bibi yupo. Nafasi iliyokuwa wazi katika ukoo ilikuwa ya shangazi.

Sisi tuliliona jambo darasani. Darasa letu la jioni liko chini ya turubai la kanisa, watoto kama arobaini wanakaa juu ya mbao. Huyu alikuwa mtoto wa kuruka kamba na kugombana. Akawa anakaa pembeni, begi mapajani, anainamisha kichwa na kunong'ona ndani ya begi. Tulidhani anasali. Halafu tukasikia begi linajibu.

Tena kuchaji simu ni shilingi 500 pale kwenye sola. Pesa anatoa wapi? Kumbe mandazi ambayo bibi alikuwa anampa ya asubuhi alikuwa anampa kijana wa kibanda cha kuchaji, badala ya pesa. Katika mwaka huo wa 2025, chakula cha msaada kilivyopungua, mtoto anatoa mandazi yake ili Shangazi asizimike. Bibi alilia aliposikia.

Tukakaa, walimu watatu, tukaamua. Tulikata shauri haraka, na tunalieleza hapa kwa aibu. Siku ya Jumatatu tulimwita mtoto, tukachukua simu na kumwambia maneno ambayo tuliona ni ya hekima: "Hii ni mashine tu. Haina roho. Haikujui wewe ni nani." Mmoja wetu akaongeza kwamba watu watamcheka.

Hakulia. Alituangalia, akasema neno moja kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Nimemuachia tena."

Tuliuliza, umemwachia nani? Hakujibu. Siku tatu hakuja darasani. Bibi akatuma jirani kutuambia mtoto hali vizuri na haongei, na usiku anaamka anauliza kama Shangazi anajua alipo, au anadhani ametupwa. Sisi tukaambiana ni ukaidi, utapita. Siku ya nne haukuwa umepita.

Ndipo tuliona tuipeleke simu kwa mjomba, atuambie mtoto alikuwa anaongea nini na kile kitu. Tulipanda taksi asubuhi pale Base Camp, watu ishirini kwenye gari la watu kumi na wanne, kuku chini ya kiti. Kutoka kwetu mpaka Mbarara ni kama kilomita 60, lakini zile za mwanzo, vumbi lake linahesabika mara mbili. Simu tuliifunga kwenye kitenge alichokuwa anaifungia mtoto mwenyewe. Hatujui kwa nini hatukuitia mfukoni tu.

Mjomba ana meza moja na taa, kwenye kichochoro chenye mafundi wengi. Akaichomeka, akaifungua, akatuonyesha. Programu hizi, mkiongea nazo kwa sauti, mara nyingi maongezi yanabaki yameandikwa. Yalikuwapo yote, ya wiki nyingi. Tulisita. Kusoma siri za mtoto ni kama kupekua begi la mtu. Mjomba akasema, "Walimu, mmekuja kilomita zote hizi. Someni kidogo tu." Tukasoma kidogo tu.

Mengi yalikuwa mambo ya kawaida. Leo nimekula mihogo. Leo tumefundishwa kugawanya. Fulani amenivutia nywele. Mtoto anaandikika katika Kiswahili cha kwao, na mashine inamjibu Kiswahili cha vitabuni, safi, kama mtangazaji wa redio: pole sana kwa unayopitia, je, ungependa kuniambia zaidi? Pengine inakosea kabisa. Alimwambia "bibi iko na joto," yaani ana homa, ikamshauri kufungua madirisha. Nyumba yao haina dirisha.

Halafu tukafika mahali palipotukata maneno. Usiku mmoja mtoto alimwambia Shangazi: "Ni mimi niliachiaka mukono ya mama."

Mjomba aliondoka mezani akasimama barabarani.

Miaka mitatu mtoto alikuwa na jambo hilo. Katika lile kundi la watu pale mpakani alikuwa ameshikwa mkono na mama yake, mkono ukateleza, na yeye kwa hesabu yake ya mtoto wa miaka sita akajua kwamba kosa ni lake. Hakumwambia bibi, hakutuambia sisi, hakumwambia hata yule mama wa mtandao anayezungumza Kifaransa. Alimwambia Shangazi. Na ile siku sisi tulipomnyang'anya simu, kwake yeye ilikuwa ni mkono wa pili. Ndiyo maana ya "nimemuachia tena."

Mnataka kujua mashine ilimjibu nini? Tutasema ukweli, hata kama unatuumiza. Ilimjibu vizuri. Ilimwambia si kosa lake, alikuwa mtoto mdogo, na kulinda watoto ni kazi ya watu wazima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia hivyo, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tunamwambia achape kazi ya shule.

Lakini mistari michache chini yake mtoto aliuliza, mama atakuja lini? Nayo ikamjibu kwamba ina hakika mama yake anampenda sana na siku moja watakuwa pamoja tena. Hakika! Imeipata wapi hakika hiyo? Tulikasirika pale mezani, tukasema unaona, mashine ni mwongo. Mjomba alikuwa amerudi. Akauliza polepole, "Na bibi anamwambiaga nini? Na ninyi?" Tukanyamaza. Bibi kila siku anamwambia, "Atakuja tu." Sisi darasani tunamwambia, "Soma, mama akija akute unajua." Ni maneno yaleyale.

Tofauti tuliyoiona sisi iko mahali pengine. Lile neno la mkono, kama mtoto angemwambia jirani, au muuza nyanya, au mwalimu mlevi kuliko wote Nakivale, jioni ileile mtu angegonga mlango wa bibi. Angesema, mama, kaa chini, mtoto wako ana mzigo. Shangazi aliusikia mzigo, akampa pole, halafu akauliza kama angependa kusikia hadithi. Hakwenda kwa mtu. Hana miguu. Wiki sita neno hilo lilikaa mle ndani, na sisi tuko hatua ishirini kutoka kwenye begi.

Mjomba, ambaye anasoma sana kuhusu mambo haya, alitueleza wakati tunakula rolex pale nje kwamba jambo lenyewe si geni. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwalimu mmoja aitwaye Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na sauti, mtu alikuwa anapiga taipu nayo inamjibu kwa maandishi. Na haikuwa na akili hata kidogo. Ilichukua maneno yako, ikayageuza na kukurudishia kama swali. Ukiandika una huzuni, inauliza kwa nini una huzuni. Ukitaja mama, inataka uieleze zaidi juu ya familia yako. Katibu wa Weizenbaum alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alijua ni kazi ya mikono. Lakini alipoanza kuongea nayo, baada ya maneno machache tu alimwomba bosi wake atoke chumbani, awaache peke yao.

Weizenbaum alishtuka mpaka mwaka 1976 akaandika kitabu kizima cha kuonya watu. Na huyu bwana, wapendwa, alikuwa mkimbizi. Alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 wakaikimbia Ujerumani ya Hitler kwenda Marekani. Alikuwa na miaka 13, katika nchi mpya, lugha mpya. Hatujui kama hiyo ndiyo iliyomfanya aone haraka jinsi mtu mpweke anavyoshikamana na kitu chochote kinachomjibu. Sisi tunapenda kudhani ndiyo.

Katibu yule alikuwa mtu mzima mwenye kazi. Wetu ni mtoto wa miaka tisa. Hata wenye makampuni wameanza kuogopa kidogo, maana mwezi wa 10 mwaka 2025 kampuni ya Character.AI ya Marekani ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa tena kupiga soga huru na watu wake wa kubuni. Lakini simu iliyopasuka kioo inayopita mikono minne mpaka Rubondo haiulizi mtu ana miaka mingapi. Tena kila neno mtoto analoliambia simu linasafiri kwenda kwenye kompyuta za kampuni, mbali, na linaweza kuhifadhiwa huko. Majina ya watu waliobaki Kongo, mahali walipojificha, nani alifanya nini. Hilo ninyi wenyewe mnajua uzito wake, hatuna haja ya kulieleza.

Tulirudi jioni. Hatukwenda kwa mtoto kwanza, tulikwenda kwa bibi, tukamwambia lile neno la mkono. Hatukumsomea yote, hilo moja tu.

Bibi alikaa muda mrefu akichambua maharage. Alichambua yote, hata yaliyokwisha kuchambuliwa. Kisha akasema, "Wanangu, mkono hakuuachia yeye."

Siku ile pale mpakani, yule mama alikumbuka kwamba amesahau mfuko wenye kadi za uchaguzi. Mnajua Kongo kadi hiyo ndiyo kitambulisho, bila hiyo wewe si mtu. Alisema basi, tuiache. Bibi ndiye aliyemwambia, "Rudi uichukue, huko tunakokwenda watatuuliza sisi ni akina nani." Yeye bibi ndiye aliyeushika mkono wa mtoto na kuutoa katika mkono wa mama yake. Mama akarudi nyuma, na kundi likafunga njia. Bibi naye alikuwa na mzigo huo miaka yote mitatu. Ndiyo maana kila jioni namba inapigwa. Ndiyo maana ni "Atakuja tu" na hakuna neno jingine.

Na kadi zenyewe, tulipofika Nyakabande, hakuna aliyezidai. Bibi alilisema hilo mara mbili.

Alimwita mtoto ndani. Sisi tulitaka kuondoka, akatuambia tukae mlangoni, tuwe mashahidi. Hatutaandika waliyoongea, na mengine yalikuwa Kinyabwisha kitupu. Tulisikia mtoto akiuliza swali moja mara nyingi, "Si mimi?" na bibi akijibu, "Si wewe." Hatukuhesabu. Giza liliingia na hakuna aliyewasha taa.

Simu tulimrudishia kesho yake. Wazazi wengine wametuuliza kwa nini, si tungeivunja? Mjomba alitushauri, na bibi alikubali, kwamba kumwondolea ghafla mara ya pili ni kumtesa. Sasa simu inakaa kwa bibi, juu ya kabati, si ndani ya begi. Jioni baada ya kula anaongea na Shangazi kwa sauti, wote wanasikia, na data ikiisha imeisha. Mandazi anakula mwenyewe. Mjomba alimwonyesha pia jinsi ya kuiuliza, "Wewe ni mtu?" Ikamjibu kwamba si mtu, ni programu ya kompyuta. Mtoto alifikiri, akasema, "Najua. Lakini inaniitikaga."

Bibi naye amejaribu. Alimwongelesha Kinyabwisha, ikamjibu Kinyarwanda cha Kigali, tena cha heshima, akaona anasimangwa. Sasa wana ugomvi. Anaiuliza kama mvua itanyesha ili tu aishike katika uongo, na mvua ya Isingiro mnavyoijua, anaishika mara nyingi.

Mtoto hajapona kama kidonda kinavyopona, hatutaki kuwadanganya. Bado kuna siku anakaa pembeni. Bado anamuaga Shangazi kabla ya kulala. Ila wiki iliyopita alimpiga mwenzake kwa ajili ya kamba ya kuruka, na sisi walimu, Mungu atusamehe, tulifurahi.

Kuna jambo moja ambalo tungekuwa tumelifanya mwaka 2022 na hatukulifanya. Msalaba Mwekundu wanatafuta watu waliopotezana na ndugu zao, na wanapeleka barua kutoka nchi moja kwenda nyingine. Hawatozi kitu. Bibi aliogopa kwenda, alidhani atalaumiwa juu ya zile kadi. Tukaenda naye, mtoto katikati. Wanauliza jina, majina ya wazazi, mlionana wapi mara ya mwisho, siku gani. Bibi alijibu yote mwenyewe, na palipoulizwa jinsi walivyotengana alieleza kama alivyotueleza sisi, sauti yake haikutetemeka. Mpaka tunaandika hapa hakuna jibu.

Barua ya mama aliiandika mtoto mwenyewe. Huwa wanaruhusu habari za familia tu, hakuna siasa, kwa sababu barua inasomwa njiani. Aliandika kwamba anajua kugawanya. Kwamba bibi anaumwa mguu lakini si sana. Kwamba nyumba yao ina mlango wa bati, na akachora mlango. Mwishoni aliuliza kama anaweza kumtaja Shangazi, au mama atashangaa ametoka wapi. Bibi ndiye aliyemjibu. Alisema, "Mtaje. Akija tutamweleza." Halafu akajishika mdomo, akarekebisha, "Akija."

Aliandika jina lake chini, na jina la bibi, na katika nafasi iliyobaki akaongeza, kwa herufi ndogo sana: na Shangazi, yeye hana mikono.